Dirisha la Mama Emérance

Inspekta Medius alipokata kona ya Kikorongo saa mbili na nusu asubuhi, hakuwa na mpango wowote wa kwenda kuangalia dirisha la mtu. Alikuwa anakwenda mahakamani Bwera. Saa nane mchana msichana Alliance angesimama mbele ya hakimu na kukubali kwamba uzembe wake ndio uliomuua Mama Emérance, mjane aliyemleta kutoka Butembo kumsaidia kazi za nyumbani. Medius angethibitisha yaliyomo kwenye faili, kesi ingefungwa, naye angerudi Kasese kabla ya mvua ya jioni. Faili alikuwa ameliandika mwenyewe miezi minne iliyopita, kabla hajahamishwa. Lilikuwa fupi na safi, na alijivunia.

Simu ikalia. Alikuwa Rusi, mwalimu aliyeinunua nyumba ya marehemu.

"Afande, kuja kwanza hapa nyumbani. Fundi iko hapa, anatengeneza dirisha ya chumba ya nyuma. Anasema haigusi tena mpaka polisi ione."

"Mwalimu, mimi si fundi ya dirisha."

"Najua, nyabo, mama yangu. Lakini yeye ni fundi na amekataa kazi. Hiyo umewahi kuiona?"

Medius hakuwahi kuiona. Katika miaka kumi na sita ya upelelezi alikuwa ameona mafundi wakikubali kazi wasizoziweza, wakikubali kazi tatu kwa siku moja, hata wakikubali kazi wakiwa mazishini. Alimwambia dereva wake, konstebo Wahabu, aongeze mwendo.

Nyumba ilikuwa juu ya soko la Bwera, mahali mteremko unapoanza kuwa mkali. Vyumba vinne, bati jekundu, ukuta uliopakwa chokaa upya. Mbele kulikuwa na vitanda na meza za mwalimu, bado zimefungwa kwa kamba. Nyuma, ardhi ilishuka ghafla kwenye migomba. Fundi Zedekia, mzee mfupi mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio, alikuwa amekalia sanduku lake la vifaa, mikono ameikunja kifuani.

"Wabukire, mzee Zedekia."

"Wabukire, afande. Usiingie ndani. Pita huku kwa migomba. Dirisha inafunguka kwa nje, na kile kiliishika kiko nje."

Walishuka wakishikilia ukuta, Wahabu nyuma yao. Majani yalikuwa bado na umande, viatu vya Medius vikajaa maji hatua ya tatu tu. Dirisha lilikuwa la mbao, kipande kimoja, la kijani, limezama ndani ya fremu yake na kufungwa kabisa.

"Niliisukuma kutoka ndani, ikakataa," Zedekia alisema. "Nikafikiri rangi. Nikapitisha kisu. Juu iko huru. Upande ya bawaba iko huru. Upande ya komeo iko huru. Chini tu ndio imeshika. Sasa mimi nauliza, dirisha gani inashika chini yote? Ikivimba na mvua, inashika kila mahali. Bawaba ikilegea, inakwaruza kona moja. Hii imeshika chini yote, kama mtu ameikalia."

"Fupisha, mzee."

"Haraka ndio iliharibu hii kazi kwanza, afande. Inama uone."

Medius aliinama. Kwenye mwanya wa chini, kati ya dirisha na fremu, palikuwa na udongo uliopakwa kwa kidole. Mahali pamoja Zedekia alikuwa ameukwangua, na shimo jembamba likaonekana. Fundi alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kabari ndogo ya mti, ndefu kama kidole cha kati, iliyokatwa kwa kisu upande wa nje ili isitokeze.

"Ziko tatu. Nilitoa hii moja, nikaogopa."

Medius alipiga picha za mwanya, za udongo na za fremu nzima, akamwambia Wahabu aandike saa. Kisha akamwamuru Zedekia atoe hizo mbili zilizobaki. Mzee alitumia patasi nyembamba na subira nyingi. Kabari ya tatu ilipotoka, dirisha lilifunguka lenyewe bila mtu kuligusa, taratibu, likagota ukutani.

Medius alinyoosha mkono, Zedekia akampa kabari zote tatu.

Alizipima kabari kiganjani. Hazikuwa na uzito wowote, utadhani zimechongwa kutoka kwenye mkate. Zilikuwa na unyevu, na pembeni zimeota ukungu mweupe mgumu.

"Huu mti gani?"

"Haumei hapa kwetu. Ni ile miti nyepesi wanafunga pamoja kule Katwe, kwa ziwa ya chumvi, inaelea na kubeba mawe ya chumvi mpaka ukingoni. Na hiyo nyeupe ni chumvi. Si ile ya kula. Ni ile chungu, ya ng'ombe."

"Umejuaje ni chungu?"

"Nililamba."

"Mzee! Umelamba ushahidi?"

"Wakati naulamba ilikuwa bado mti tu. Ushahidi umeileta wewe."

Wahabu aligeuza uso akacheka. Medius hakucheka.

"Sikiliza, afande," Zedekia aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mtu alisukuma hizi kwa kidole gumba, kavu, bila nyundo, bila kelele. Akamwagia maji kidogo. Zikavimba, zikashika. Mbao ingine yoyote, jua ya kiangazi ingeikausha siku mbili, tatu, ianguke kwa nyasi, na hakuna mtu angejua milele. Lakini hii imeshakunywa maji ya ziwa. Chumvi iko ndani. Kila asubuhi inavuta umande, inavimba tena. Huyo mtu alikuwa na akili ya kufunga. Ya kufungua hakuwa nayo."

Medius alikaa kwenye shina la mgomba uliokatwa. Hakujali sketi yake.

Januari ile aliingia chumba hiki asubuhi na kukuta sigiri ya makaa katikati, makaa yamekuwa majivu. Mama Emérance hakuwa kitandani. Alikuwa sakafuni, chini ya dirisha, ameuawa na hewa ya makaa. Alliance, msichana wa miaka kumi na tisa, alisema bibi alikuwa na baridi kifuani, akamwekea sigiri, akafungua dirisha kiasi cha kiganja na kulifunga kwa kawaya ili lisirudi, kisha akaenda matangani kwa jirani kwa ruhusa ya bibi mwenyewe. Medius alilisukuma dirisha. Likakataa. Alipomuuliza Tsongo, mtoto wa kambo wa marehemu, Tsongo alisema dirisha lile halikufunguka tangu baba yake azikwe, liliganda kwa rangi. Medius alimrudia Alliance na kumuita mwongo. Alliance alirudia maneno yake mara tatu. Mara ya tatu Medius alipiga meza.

Wala hakushuka huku kwenye migomba kuangalia. Kulikuwa na matope, naye alikuwa amevaa viatu vipya. Leo, akiwa amekaa pale na soksi zake zimelowa, alijichukia.

"Saa ngapi?"

"Tatu na dakika arobaini, afande," Wahabu alijibu.

"Nani wa familia hii anashika chumvi?"

Jina lilikuwemo kwenye faili. Anselme, mpwa wa marehemu, mfanyabiashara, ananunua chumvi Katwe na kuivusha hadi Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Wahabu alikuwa tayari kumfuata mpakani na pingu. Medius alimzuia, akapiga simu kwanza.

"Allô, afande. Mie niko ku Kasindi, niko napakia."

"Unauza chumvi gani, Anselme?"

"Ya kula. Ile nyeupe ya wamama."

"Na ya mawe?"

"Ya ngombe? Hapana. Iko nzito, na batu ya douane ku mpaka banasumbua."

"Umewahi kuingia kwa maji ya Katwe?"

Anselme alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mie? Hata kidole. Maji ile inakulaka mutu ngozi. Muulize Tsongo miguu yake."

"Tsongo gani?"

"Mutoto ya bwana wa tantine Emérance. Alivunjaka mawe pale miaka mbili, mbele baba yake afe. Hakukuambia?"

"Aliniambia ni mkulima wa Karusandara."

"Leo, ndiyo. Zamani alikuwa mutu ya maji."

"Na wewe, usiku ule?"

"Butembo, afande. Muhuri iko ku karatasi yangu, kwenda na kurudi. Nilirudiaka juu ya mazishi. Afande, juu ya nini unauliza?"

Medius alikata simu. Mtu mwenye muhuri wa mpaka anaweza kuwa mwongo, lakini muhuri unaweza kuangaliwa, na ungeangaliwa. La muhimu ni kwamba Anselme hakupata kitu kwa kifo kile. Baba yake Tsongo alikuwa ameacha neno mbele ya wazee na padri: mke wangu akae nyumbani humu mpaka afe, ndipo mwanangu achukue. Tsongo alichukua mwezi wa pili. Mwezi wa nne akamuuzia mwalimu Rusi.

"Tumkamate," Wahabu alisema. "Iko hapa Bwera leo, amekuja kwa kesi. Nimemuona kwa hoteli ya chai."

"Kwa kosa gani? Kwamba aliwahi kuvunja chumvi? Nusu ya wanaume wa bondeni wamevunja chumvi. Atasema fundi alizitia mwenyewe jana."

"Mimi!" Zedekia aliruka.

"Atasema hivyo, mzee. Mimi ningesema." Medius alisimama. "Rudisha dirisha, tafadhali. Bila kabari. Piga msumari mmoja ndani, upande wa komeo, likatae. Na udongo upake pale ulipotoa. Mwalimu, una namba ya Tsongo?"

Rusi alikuwa mlangoni muda wote, mikono imeshika kanga yake. Alikuwa ameanza kuelewa alichonunua.

"Niko nayo," alisema. "Nimwambie nini?"

"Ukweli. Dirisha limekataa, fundi anataka kulivunja pamoja na fremu, na leo ndiyo leo."

Tsongo alifika saa tano kasoro, kwa boda, amevaa suti ya kahawia ya mahakamani na viatu vilivyong'arishwa. Mtu mpole, mnene kidogo, wa miaka arobaini na kitu. Alimsalimia mwalimu kwa heshima zote, akauliza watoto, akausifu ukuta. Medius alisikiliza kila kitu akiwa nyuma ya migomba, Wahabu pembeni yake. Sauti za ndani zilimfikia wazi kupitia mianya.

"Dirisha hii niliwaambia tangu zamani," Tsongo alisema. "Mama mzee hakuwa anafungua. Ni rangi."

"Si rangi," Zedekia alijibu. "Rangi nimepitisha kisu. Sasa navunja."

"Usivunje, mzee. Ya nini kuharibu fremu ya mwalimu? Subiri jua. Itajiachia."

"Nimelipwa kufungua leo. Na mwalimu anataka kulala na hewa."

"Ni chumba ya watoto," Rusi aliongeza. Hapo hakuwa anaigiza. "Siwezi kulaza mtoto ndani ya sanduku, ssebo."

Medius alihesabu pumzi zake. Kama Tsongo angesema haya, vunjeni, na kwenda zake kunywa chai, basi hakuna kesi. Saa nane ingefika, Alliance angekubali kosa, na kabari tatu zingebaki kuwa kabari tatu tu.

"Mzee Zedekia," Tsongo alisema hatimaye, "enda kidogo unywe chai. Mwalimu, mpe chai. Mimi nilikulia katika hii nyumba. Wacha nijaribu yangu."

"Patasi iko pale."

"Sihitaji. Niko na kisu."

Hakulisukuma dirisha. Medius alisubiri asikie mbao zikigongwa kutoka ndani, jinsi yeye alivyofanya Januari, jinsi mwalimu alivyofanya, na fundi naye. Hazikugongwa. Badala yake mlango wa nyuma ulilia, na Tsongo akatokea pembeni ya nyumba. Alitazama majani yenye maji, akatazama suti yake, akainama akakunja suruali mpaka magotini.

Miguu yake, kutoka kifundo mpaka goti, ilikuwa imejaa makovu meupe, duara juu ya duara. Wahabu alivuta pumzi. Medius alimkanyaga mguu anyamaze.

Tsongo alishuka akishika ukuta. Hakuangalia bawaba wala komeo. Alichuchumaa, akafungua kisu, akaanza kukwangua udongo chini ya dirisha: kwanza kona ya kushoto, kisha katikati, kisha kulia. Sehemu tatu, zile zile. Alichimba shimo la kwanza kwa ncha ya kisu. Hapakuwa na kitu. Akachimba la pili. Mkono wake ukaanza kwenda haraka.

"Unatafuta nini huko chini, Tsongo?"

Aligeuka bado amechuchumaa. Medius alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake, mfuko wa plastiki mkononi, kabari tatu ndani yake.

"Afande. Mimi... naondoa rangi."

"Rangi iko juu. Iko pembeni. Wewe umeenda chini moja kwa moja. Weka kisu chini!"

"Fundi ndiye aliniambia."

"Mimi?" Zedekia alikuwa ameshatokea kwenye kona, kikombe cha chai mkononi. "Mimi nilisema navunja. Chini sikuitaja. Mwalimu ni shahidi."

"Sikutaja hata mimi," Rusi alisema nyuma yake.

"Kisu!" Wahabu alifoka.

Kisu kilianguka kwenye majani. Tsongo alibaki amechuchumaa, macho yake kwenye ule mfuko. Hakumtazama Medius hata kidogo. Alizitazama kabari kwa mshangao wa mkulima anayeona mbegu alizozizika zimetolewa zikiwa bado nzima.

"Bado ziko mbichi?" aliuliza.

"Chumvi," Zedekia alisema.

"Siku mbili," Tsongo alinong'ona. "Siku mbili zikauke, zianguke. Nilirudi siku ya tatu, ikawa imeshika. Nikarudi wiki ya pili. Watu wa matanga walikuwa wamejaa uani. Halafu nikasema, na ikae. Nani ataangalia dirisha?"

Medius alimsomea haki zake kwa Kiswahili, kisha Wahabu akazirudia kwa Lhukonzo ili asije akasema hakuelewa. Tsongo alitia sahihi mbele ya mwalimu na fundi. Kuandika maelezo, kufunga vielelezo, kumfikisha kituoni na kumweka mahabusu, yote hayo yalichukua muda kuliko Medius alivyotaka, kwa sababu safari hii hakuruka mstari hata mmoja. Alipofika mahakamani ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Alliance alikuwa kizimbani, amevaa gauni la njano la gerezani, amekonda. Karani alikuwa bado ameshika karatasi.

"Unakubali au unakataa?"

"Nakubali," Alliance alisema.

Medius alipita katikati ya mabenchi bila kuomba ruhusa, akainama kwa mwendesha mashtaka na kuzungumza sikioni mwake. Mwendesha mashtaka alikunja uso, akaangalia mfuko wa plastiki, akakunja zaidi. Kisha akasimama na kuomba nusu saa. Hakimu alimtazama Medius juu ya miwani kwa muda mrefu, akatoa dakika ishirini.

Walimkalisha Alliance kwenye benchi la korido. Askari jela mwanamke alisimama kando. Medius hakusimama. Alikaa kwenye benchi lile lile, karibu naye.

"Alliance, nimetoka nyumbani kwa Mama Emérance. Dirisha ulifungua."

Msichana alitikisa kichwa. "Hapana, afande. Sikufungula."

"Uliniambia mara tatu kwamba ulifungua."

"Nilisemaka vile. Nilikuwa nadanganya." Alisema bila hasira, kama mtu anayejibu maswali ya katekisimu. "Nimewaza sana ku gereza. Kila siku nawaza. Naona mukono yangu inaenda ku kawaya, kisha naona haikuenda. Wewe uko mukubwa, ulikuja na uliona dirisha. Uliniambiaka sikufungula. Basi nikaona ni kweli. Ni mie nilimuua mama. Niache nimalize."

Medius alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa mate usoni. Kwa hili hakujiandaa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Angalia hapa." Aliweka mfuko juu ya magoti ya msichana. "Mtu alikuja nyuma yako ulipoenda matangani. Alitoa kawaya yako, akarudisha dirisha, akatia hizi chini. Ni Tsongo. Amesema mwenyewe, ameandika. Asingekuwa na kitu cha kufunga kama wewe hukufungua."

Alliance aligusa kabari moja juu ya plastiki kwa ncha ya kidole.

"Basi nilifungula?"

"Ulifungua."

"Na kawaya nilifunga?"

"Ulifunga."

"Sema tena."

"Ulifungua dirisha, Alliance. Mimi ndiye nilikosea. Sikushuka nje kuangalia."

Hapo ndipo msichana alipoinama na kufunika uso kwa mikono yote miwili, mfuko ukateleza na askari jela akaudaka. Hakulia kwa sauti. Alipoweza tena kusema, alimtazama Medius usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwenda useme pale mbele ya batu," alisema. "Na sauti ile ile uliniitaka nayo muongo."

Medius alisimama, akachukua faili lake, akarudi ndani ya mahakama.